Nusu Kiganja cha Usukani

Tangu waachane, Nadine Sikes hakuwa amemvuta Royce Tillery kwa boti hata mara moja, na alikwisha kuapa kwamba hatamvuta tena maisha yake yote. Halafu Ijumaa moja ya mwezi wa saba, mzee Wendell Oakes, mwamuzi mkuu wa mashindano ya kuteleza majini ya ziwa Tilden, akampigia simu akiwa jikoni anakaanga bamia.

"Nadine, mwanangu, nimekwama," alisema Wendell. "Dereva wangu kalazwa, mawe kwenye figo. Na mwenye daraja la kuendesha boti kwenye mashindano makubwa hapa Florida ya kati, asiye na mashindano mengine wikiendi hii, ni wewe peke yako."

"Royce kajiandikisha?"

Mzee alikohoa. "Kajiandikisha."

"Tafuta mtu Georgia."

"Nimetafuta mpaka Alabama. Ukikataa, kesho asubuhi nawarudisha watu makwao na mbao zao."

Nadine aligeuza bamia, akapunguza moto, akasema atakuja. Baadaye alijiambia kwamba alikubali kwa heshima ya mzee Wendell, na kwa kweli alimheshimu. Lakini kilichomvuta hasa kilikuwa kingine. Alitaka kumsikia Royce mikononi mwake mara moja tu, ajue mtu yule ana hali gani siku hizi.

Maana dereva wa boti za mchezo ule wa kuteleza majini humjua mtu kwa mikono. Macho yake yako mbele siku zote, kwenye mstari wa maboya. Mtelezaji yuko nyuma, mwishoni mwa kamba, na dereva humwona kwa kutupia jicho tu kwenye kioo. Boti zenyewe zina injini katikati, pangaboi chini ya tumbo, na nyuma ya pangaboi kuna ulimi wa shaba ambao ndio unaogeuza boti. Mafuta yakiwa wazi, maji ya pangaboi yanaupiga ulimi ule na usukani unakuwa hai, unatetemeka kidogo kama shingo ya farasi. Ukifunga mafuta, usukani unakufa papo hapo. Unaweza kuuzungusha kama sahani juu ya meza, na boti itakwenda inakotaka. Hata ukiwa hai una ukaidi wake: huvuta upande mmoja, kidogo tu, kutwa nzima, na dereva hujifunza kuukaza mpaka anasahau kwamba anaukaza.

Juu ya hayo anakuja mtu. Kila mtelezaji anapozunguka boya na kujitupa kuelekea boya la upande wa pili, kamba huivuta boti kwa ubavu. Dereva lazima aujibu mvuto ule kabla haujafika, kwa kidole, karibu kwa pumzi, boti ipite katikati kama imepigiwa uzi wa seremala. Akichelewa kujibu, boti inamfuata mtelezaji na kumpunguzia kazi. Hiyo ndiyo wenyewe huita kumwachia mtu, na ni wizi, hata kama haukamatwi.

Nadine alimvuta mumewe kwa miaka ishirini. Alijua Royce kalala vibaya kabla Royce mwenyewe hajajua. Mwaka Royce alipofiwa na baba yake, alimsikia akiivuta kamba kama mtu anayetaka kung'oa kitu ardhini, na hakumsemesha habari ile, wala Royce hakusema. Vikombe vilijaa ukumbi wa nyumba yao. Picha nazo zilijaa ukutani: Royce amelala ubavu juu ya maji, pazia la maji likimfuata, na pembeni kabisa, pale mpiga picha aliposhindwa kulikata, kofia la mwanamke aliyegeuza kisogo.

Mwaka waliponunua boti mpya ndio mwaka walioachana. Siku chache kabla ya sikukuu ya Shukrani, mwezi wa kumi na moja, Royce alisimama mlangoni pa jikoni akasema moyo wake umehama. Ulikuwa umehamia kwa Shelby, aliyekuwa akifundisha watoto kuteleza ziwa la pili. Nyumba na ufuko vilibaki kwa Royce kwa sababu vilikuwa vya baba yake, na boti mpya ilikuwa kwa jina lake. Nadine aliondoka na boti ya zamani juu ya trela, akapanga nyumba karibu na kiwanda cha machungwa.

Jumamosi ile joto lilikuwa limeshika tangu alfajiri. Nadine alipofika gatini, Shelby alikuwa amesimama na taulo la Royce begani.

"Bi Nadine," alisema kwa ile sauti tamu kama chai ya barafu, "asante sana kwa kujitolea. Royce anasema potelea mbali, hata akivutwa na punda."

"Mwambie punda kafika," Nadine alisema, akapanda botini.

Mzee Wendell mwenyewe ndiye aliyekaa kiti cha mwamuzi, mgongo mbele na uso nyuma, ili awatazame watelezaji. Asubuhi ilikwenda vizuri. Boti ya mashindano ilikuwa mpya, usukani wake umekaza, ukiugusa tu inaitika. Wapo waliokuja kumshika mkono Nadine baada ya safari yao, na mmoja alisema hajawahi kuvutwa na mtu mtulivu namna ile. Halafu Royce akaja kukaa ukingoni mwa gati, miguu imeshafungwa kwenye ubao. Alikuwa na miaka hamsini na kitu, mabega bado mapana, nywele zimeanza kumkimbia. Hakusalimu.

"Tayari," alisema, basi.

Nadine alifungua mafuta. Walipopita lango la maboya, Royce akavuta mara ya kwanza, na mikono ya Nadine ikamtambua kama unavyotambua sauti ya mtu chumba cha pili. Akitoka kulia kwenda kushoto, mvuto ulikuja vilevile kama zamani, mapema, safi, bila kusita. Akitoka kushoto kwenda kulia, ulikuja umechelewa. Kwanza laini, kisha wote kwa mkupuo, kama mtu anayelijaribu gunia kwanza kabla ya kuliinua.

Ni bega la kulia, aliwaza. Limekwisha.

Royce alimaliza maboya sita. Wendell akafupisha kamba, kama sheria inavyotaka kila mtu anapofaulu, wakarudi tena, akamaliza tena, lakini safari hii ule mvuto wa kushoto ulisita mpaka Nadine akaubana usukani kwa hofu. Mwisho wa ziwa aligeuza boti. Royce alikuwa amekaa ndani ya maji akingoja kamba ifupishwe mara nyingine.

"Royce," alimwita bila kugeuka sana. "Bega."

"Bega limefanya nini?"

"Limekwisha. Tangu lini?"

"Nadi, umeitwa kuendesha boti."

"Dereva hasemi na mshindani," Wendell alisema polepole, kama anayeomba radhi.

Nadine alingoja labda Royce atainua mkono, aseme imetosha. Hakuinua. Nadine alifungua mafuta.

Boya la kwanza alilipata, la pili, la tatu. La nne alilifikia amechelewa, kamba ikalegea kama kamba ya kuanikia nguo, halafu ikakaza kwa ghafla. Pigo lilifika kwenye usukani kama nyundo kwenye ubao. Vidole vya Nadine viliujibu bila yeye kuviagiza, na boti haikutoka kwenye mstari hata unywele. Kwenye kioo aliuona ubao hewani, peke yake.

Alifunga mafuta, usukani ukafa mikononi, boti ikayumba juu ya mawimbi yake yenyewe. Ilimbidi aguse mafuta kidogo, ageuze, aache, aguse tena, asije akampanda mtu. Alipomfikia, Royce alikuwa ameshika kijukwaa cha nyuma kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulielea kando yake kama kitu cha mtu mwingine. Wendell alikuwa ameshika redio, anaomba gari la wagonjwa lije mpaka gatini.

"Umeninyima," Royce alisema.

"Boti imekwenda sawa."

"Najua imekwenda sawa. Ndicho ninachosema." Midomo yake ilikuwa imepauka. "Zamani ulikuwa unaniachia. Nikitoka kwenye boya unaniachia kidogo, nusu kiganja. Nilikuwa naisikia kwenye kamba."

"Sijawahi kumwachia mtu."

"Usinidanganye na mkono unaning'inia. Miaka yote ile. Ulikuwa husemi, hata neno la mapenzi mbele za watu ulikuwa huna, lakini nikishika kamba najua mke wangu yuko pale. Halafu mwaka ule ukaacha. Ghafla tu. Ukawa unanivuta kama mteja. Nilingoja kiangazi kizima urudi, hukurudi. Nikajua nyumbani hamna mtu tena."

"Mwaka gani?"

"Unaujua."

"Nautaka kutoka kinywani mwako."

"Mwaka wa boti mpya."

Wendell alikwisha kumaliza na redio, lakini aliendelea kuishika sikioni, akitazama majani ya ufukoni.

Nadine aliutazama usukani. Boti ya zamani kebo yake ya usukani, waya unaougeuza ulimi, ilikuwa imechakaa. Unazungusha usukani upana wa vidole viwili bure kabla ulimi haujatii. Alikuwa akiichukia. Alimwambia Royce mara ngapi anunue nyingine, na Royce alimjibu siku zote kwamba haijakatika, kwa nini wabadilishe. Ile mpya haikuwa na ulegevu hata kidogo. Nayo ndiyo iliyompeleka mtu huyu kwa Shelby.

"Ilikuwa kebo, Royce," alisema.

"Kebo gani?"

"Ya usukani. Boti ya zamani ilikuwa imelegea. Yenyewe ndiyo iliyokuwa inakuachia. Mimi sikuacha kitu mwaka ule. Nilibadilishiwa boti."

Royce alimtazama, maji yakimtiririka usoni. "Una moyo mgumu," alisema. "Siku zote nilisema, watu wakanibishia."

Gatini Shelby hakuwapokea kwa kilio. Aliwangoja mpaka Royce alipokwisha kuingizwa garini, akamgeukia Nadine mbele ya kila mtu, akasema kwa sauti ya chini, "Umelingoja hili miaka mitatu." Kisha akapanda naye, mlango ukafungwa.

Wendell alikwenda kwenye mnara wa waamuzi kuangalia picha za kamera, akatoka na kutangaza mwenyewe kwenye kipaza sauti kwamba boti ilikwenda katikati ya mstari, mwanzo mpaka mwisho. Watu walisikiliza, wakarudi kwenye sahani zao za nyama ya nguruwe. Nadine alichukua mkate wake akaenda kukaa na wanawake aliowajua tangu ujana. Hakuna aliyeondoka. Walisogeza viti kidogo tu, kana kwamba wanamfanyia nafasi, na ile nafasi ikabaki.

Nyuma yake sauti moja ilisema, "Sheria ni sheria, sawa, lakini mtu uliyelala naye miaka ishirini? Ningemwachia kidogo."

"Ndiyo maana aliachwa," ilijibu nyingine.

Mchana Wendell akaja kuinama karibu yake. "Kuna dereva anatoka Georgia, yuko njiani. Watelezaji wengine wameingiwa na woga. Si kwamba umekosea, mwanangu."

"Jana Georgia hapakuwa na mtu."

"Leo kapatikana."

Nadine alifuta mikono, akamrudishia fulana ya waamuzi, akaenda zake.

Mwezi ukapita. Jirani yake Ione, muuguzi mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa kuliko mwili, alikuwa akimsumbua siku nyingi amfundishe kuteleza, na Jumapili moja Nadine akaishusha boti ya zamani ziwani ili mtu huyo anyamaze. Ilipowaka, usukani ulikuwa vilevile, vidole viwili vya bure. Ione alianguka, akainuka, akaanguka, mwishowe akasimama juu ya mbao zake mbili na kuanza kuyumba huku na huku nyuma ya boti, akipiga kelele za furaha.

Hapo ndipo Nadine alipoitazama mikono yake. Kila Ione alipoelekea upande mmoja, kidole gumba cha Nadine kilikuwa kimeshatangulia, kimekula ule ulegevu wote kabla kamba haijakaza. Boti ilikwenda moja kwa moja. Hakuwa ameamua kufanya vile, wala hakuwahi kujua kwamba anafanya. Na akakumbuka kwamba boti hii hii ndiyo iliyovuta nusu ya watelezaji wa wilaya, mabingwa watupu, wenye maneno na wenye wivu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kusema Nadine anaachia. Kwa wote hao mikono yake iliula ulegevu. Kwa mtu mmoja tu iliuacha.

Basi haikuwa kebo. Kebo ilimpa nafasi, na yeye, bila kujiambia, aliitumia miaka yote ile kumpa mumewe. Boti mpya ilipokuja nafasi ikaisha, na hakuwa na njia nyingine aliyoijua ya kumpa mtu kitu.

Alifunga mafuta. Ione akazama taratibu nyuma, akaibuka akitema maji.

"Vipi, shoga, mafuta yameisha?"

"Hapana," Nadine alisema. "Nilikuwa nafikiri."

"Fikiri ufukoni. Huku kuna mamba."

Wiki ile ile Royce akampigia simu, akamwomba afike. Shelby ndiye aliyefungua mlango. Alimtazama Nadine kifuani, si usoni, akatoka kwenda uani akawaacha. Vikombe vilikuwa palepale ukumbini. Royce alikuwa kitini, mkono umefungwa kifuani, amekonda mashavu. Daktari alikwisha kumwambia kwamba kamba asahau.

"Ile habari ya kebo," alisema kabla Nadine hajaketi. "Hainipi usingizi. Kama ni kebo, basi nilivunja nyumba kwa ajili ya kipande cha waya kilichochakaa. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyekataa kukibadilisha." Alicheka kidogo, kicheko kikakatika. "Sema ilikuwa wewe, Nadi. Sema ulikuwa unaniachia. Sitamwambia mtu. Vikombe wavichukue wakitaka."

Ukweli ulikuwa mdomoni mwa Nadine, tayari, haukuhitaji hata kutafutiwa maneno. Nadine alitazama picha ukutani, lile kofia lililogeuza kisogo, mara kumi, mara ishirini. Aliwaza kiangazi kile cha boti mpya, mtu huyu amekaa naye meza moja kila jioni, anangoja.

"Kwa nini hukuniuliza?" alisema.

"Kukuuliza nini?"

"Kiangazi kizima. Ulikuwa na mdomo."

"Mtu haulizi jambo kama lile."

"Ulimuuliza Shelby?"

Royce aligeuza uso dirishani. Nje Shelby alikuwa akimwagilia maua kwa mpira, maji yakipiga ukuta.

"Ilikuwa kebo," Nadine alisema. "Ningekuwa na zaidi ya hapo ningekwambia."

Royce aliweka mkono mzima juu ya macho. Nadine alitoka bila kuaga, na njiani alisikia furaha kali ya mtu aliyepiga palipouma. Ilidumu mpaka taa za pili za barabarani. Baada ya hapo ilibidi aegeshe gari mbele ya duka la vipuri vya magari lililofungwa, akae na mikono juu ya usukani.

Alidhani amemuua. Kumbe sivyo. Baridi ilipoingia alikutana na mzee Wendell kwenye duka la vifaa vya boti, na mzee, akifurahi kwamba Nadine bado anamsalimu, akamwambia habari za watu.

"Royce hajambo sasa, hata mashavu yamerudi. Ana hadithi yake moja, kila karamu lazima aitoe. Eti alimpoteza mke kwa sababu ya kebo ya bei ya jozi ya viatu. Watu wanashika mbavu. Shelby naye anacheka mpaka machozi." Alimtazama kwa wasiwasi. "Haikuudhi, natumaini."

"Anaisimulia vizuri?"

"Vizuri mno. Hasa pale unapomwambia, 'Ilikuwa kebo, Royce.' Anakuigiza sauti, kavu hivyo hivyo." Wendell akatabasamu, kisha akaacha. "Siku ile botini nilisikia yote, mwanangu. Nilikuwa najifanya."

"Najua."

"Na mimi nilidhani ulikuwa unamwachia. Tangu zamani. Sikusema kwa sababu sikuwa na hakika. Nimefurahi kwamba ilikuwa kebo."

Nadine alichukua kopo lake la mafuta ya injini juu ya kaunta. Angeweza kumwambia. Mzee Wendell alikuwa mtu wa siri, na labda ndiye mtu wa mwisho ambaye angejali. Lakini aliona jinsi uso wa mzee ulivyotulia, na akamsikia Royce akicheka katika sebule iliyojaa watu, amepona, hana deni na mtu.

"Hata mimi nimefurahi," alisema, akatoka nje kwenye baridi.